Kupeleka Jeni Kwenye Mfupa kwa Vekta ya Virusi: Mwongozo wa Kupanga Jaribio

Mwongozo huu umeandikiwa mwanafunzi wa uzamili au uzamifu, au daktari kijana wa mifupa, aliye Kisumu, Maseno, Njoro, Kakamega au Eldoret, ambaye amekwisha kusoma makala kadhaa kuhusu tiba ya jeni na sasa anataka kuandika pendekezo la utafiti linaloweza kutekelezeka. Haumhusu mgonjwa anayetafuta tiba, kwa kuwa vekta za virusi za kuunga mifupa, yaani virusi vilivyobadilishwa ili vibebe jeni hadi ndani ya seli, bado ni kazi ya maabara na ya wanyama wa majaribio, na yeyote anayeziuza leo kama dawa ya mfupa uliokataa kuunga ni tapeli.

Sababu ya kulishughulikia jambo hili huku kwetu haihitaji maelezo marefu. Wodi za mifupa za hospitali za rufaa za ukanda huu huwapokea waendeshaji na abiria wa bodaboda, na wengi wao wamevunjika muundi, mfupa ambao upande wake wa mbele hauna nyama bali ngozi tu, na ambao damu inayoufikia si nyingi. Vitabu vya tiba hukadiria kwamba asilimia 5 hadi 10 ya mivunjiko yote huchelewa kuunga au hukataa kabisa, na muundi uliotoboa ngozi ndio unaoongoza katika balaa hilo. Tiba iliyozoeleka ni kuchota mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza penye pengo. Tiba hiyo hufaa, ila mfupa wa nyonga una kikomo, na maumivu ya pale ulipochotwa huweza kumsumbua mgonjwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini kwa asidi, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya pale pale kwenye nyama. Kilicholeta matokeo hayo ni kundi la protini lililokuja kuitwa BMP, na mojawapo, BMP-2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, kisha mwaka 2004 kwa mivunjiko ya wazi ya muundi. Udhaifu wake ni kwamba protini haikai mahali ilipowekwa. Kwa hiyo daktari hulazimika kuweka miligramu nzima pale ambapo mwili wenyewe hutumia kiasi kidogo mno, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu uvimbe wa hatari uliotokea dawa hiyo ilipotumiwa shingoni. Hapo ndipo jeni inapoingia: badala ya kumimina protini, mtafiti huingiza maagizo ya kuitengeneza ndani ya seli zilizo karibu na pengo, nazo huitoa kidogo kidogo kwa muda unaotakiwa.

Hatua ya kwanza: Amua jeni ifanye kazi kwa muda gani

Mapendekezo mengi huanza na jina la kirusi, kisha mwandishi huhangaika kukitafutia kazi. Mpangilio huo ni wa kugeuza. Swali la kwanza ni muda, kwa sababu muda ndio utakaokuchagulia karibu kila kitu kinachofuata.

Mfupa uliovunjika hupitia uvimbe, kisha gegedu laini, kisha mfupa mchanga, kisha kujichonga upya. Kichocheo kama BMP-2 kinahitajika katika wiki chache za mwanzo tu. Kikiendelea kutolewa kwa miezi, kinaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli wa jirani au kuzungushia mfupa wenyewe uvimbe usiotakiwa. Hapa, basi, vekta inayozimika yenyewe ni faida, ingawa wataalamu wa magonjwa ya damu wangeiona kuwa kasoro.

Magonjwa ya kurithi ni kinyume chake. Mtoto aliyezaliwa na mifupa inayovunjika ovyo kwa sababu ya hitilafu katika jeni za kolajeni, au aliyekosa kimeng'enya cha fosfatasi kinachosaidia madini kuganda kwenye mfupa, anahitaji jeni inayofanya kazi kwa miaka. Katikati ya makundi haya mawili yako maswali yanayotugusa sana sisi wa kandokando ya Ziwa, ambako selimundu umeenea: kichwa cha mfupa wa paja la mgonjwa wa selimundu hufa kwa kukosa damu, na ili kukifufua ingehitajika jeni ya kukuza mishipa ya damu, kama VEGF, ikifuatana na ya kukuza mfupa, kwa muda ambao ni lazima uutetee kwa hoja katika pendekezo lako.

Andika muda huo kwa idadi ya wiki au miaka kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Kila uamuzi wa baadaye upimwe dhidi yake.

Hatua ya pili: Chagua jeni na uipime urefu

Kila kirusi kina kikomo cha urefu wa DNA kinachoweza kubeba, kwa hiyo urefu wa jeni si jambo la kuachia dakika ya mwisho. Sehemu ya jeni ya BMP-2 inayosomwa kuwa protini ina herufi za DNA zisizofika 1,200, kwa kuwa protini yenyewe ina asidi amino 396 na kila moja huandikwa kwa herufi tatu. Hiyo ni fupi, nayo huingia karibu katika vekta yoyote pamoja na promota yake, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha jeni. Jeni ya fosfatasi ina takriban herufi 1,600. Ile ya mnyororo wa kwanza wa kolajeni ya mfupa, COL1A1, inakaribia 4,400, nayo ukiiongezea promota na mkia wa kumalizia inapita uwezo wa AAV, kirusi nitakachokieleza katika hatua inayofuata.

Kwa kolajeni kuna tatizo lingine ambalo urefu hauligusi. Katika aina kali za mifupa mivunjivu ya kurithi, kolajeni mbovu hujisuka pamoja na iliyo nzuri na kuiharibu, kwa hiyo kumwongezea mgonjwa jeni nzima hakutoshi. Ni lazima ile mbovu inyamazishwe. Mwaka 2004 watafiti wa Seattle walitumia AAV kuharibu nakala mbovu ya COL1A1 katika seli shina zilizotoka kwenye mifupa ya wagonjwa, na seli hizo zikaweza kutengeneza kolajeni inayofaa. Ni kazi ya kupendeza, lakini simshauri mwanafunzi wa uzamili aanzie hapo.

Pale inapowezekana, tumia jeni ya mnyama yule yule utakayemfanyia jaribio. Protini ya kigeni huamsha kinga, na seli zilizoipokea huuawa kabla hazijamaliza kazi.

Hatua ya tatu: Sasa chagua vekta

Adenovirusi ina DNA ya herufi zipatazo 36,000, na vekta zake za kizazi cha kwanza, zilizoondolewa sehemu zinazokiwezesha kirusi kuzaana, hubeba hadi takriban herufi 8,000 za nyongeza. Haijiunganishi na kromosomu za seli. Hutoa protini nyingi kwa wiki chache, kisha kinga ya mwili huizima. Wakenya waliopokea chanjo ya AstraZeneca kuanzia Machi 2021 walichanjwa kwa vekta ya jamii hii, iliyotokana na adenovirusi ya sokwe, na ilichaguliwa kwa sababu ile ile inayotusumbua sisi: huamsha kinga vizuri sana. Kwa mvunjiko unaohitaji msukumo mfupi wa BMP-2, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Ina kasoro moja inayosahaulika: aina ya kawaida, ya namba 5, huingia katika seli kwa kushika kipokezi ambacho seli shina za uboho zinacho kwa uchache, kwa hiyo utalazimika kuongeza kiasi cha virusi au kuagiza vekta ambayo vishikio vyake vimebadilishwa kuwa vya aina ya 35.

AAV ni kirusi kidogo, chenye upana wa nanomita 25 hivi, kisichojulikana kumletea binadamu ugonjwa, na kisichoweza kuzaana bila msaada wa kirusi kingine. Hubeba takriban herufi 4,700 tu, na ile aina iliyotengenezwa kwa nyuzi pacha ili ianze kazi mapema hubeba karibu nusu ya hizo. DNA yake hubaki kando ya kromosomu, hivyo hudumu miaka katika seli zisizogawanyika lakini hupungua kila seli zinapogawanyika, na seli za mfupa unaounga hugawanyika kwa kasi. Watu wengi tayari wana kingamwili dhidi yake kutokana na maambukizi ya utotoni. Kwenye mfupa, matumizi yake yanayonivutia zaidi ni yale ya Rochester yaliyochapishwa mwaka 2005, ambapo AAV zenye jeni za RANKL, inayochochea mfupa wa zamani kumung'unywa, na VEGF zilipakwa na kukaushiwa juu ya mfupa mfu wa kupandikizwa, na mfupa huo, ambao kwa kawaida hukaa mwilini kama jiwe, ukaingiwa na mishipa ya damu na kuanza kuchongwa upya.

Lentivirusi hutokana na HIV-1 iliyoondolewa sehemu za ugonjwa, na katika mfumo wa kizazi cha tatu vipande vyake hugawanywa katika plazmidi (vipande vya DNA vya mviringo) nne ili visiweze kuungana tena kuwa kirusi kamili. Hubeba hadi takriban herufi 8,000, huingia hata katika seli zisizogawanyika, na hujiunganisha na kromosomu moja kwa moja, kwa hiyo kila seli inayozaliwa hurithi jeni hiyo. Kudumu huko kuna bei yake. Watoto kadhaa wa jaribio la Paris la upungufu wa kinga, waliotibiwa kwa ndugu yake wa zamani, retrovirusi ya panya, walipata saratani ya damu kwa sababu vekta ilijipachika karibu na jeni zinazochochea ukuaji. Lentivirusi za sasa zina tahadhari ambazo zile hazikuwa nazo, ila kumwekea mtu kipande cha kudumu ili kuunga mfupa ambao ungeunga kwa wiki nane ni jambo ambalo kamati ya maadili itakuuliza, na utapaswa kuwa na jibu.

Kwa watafiti wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, lentivirusi ina mtego wa ziada ambao makala za ng'ambo hazilazimiki kuueleza. Dawa za kwanza za ARV zinazotumika nchini, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir, huzuia vimeng'enya viwili vya HIV: kile kinachogeuza RNA kuwa DNA na kile kinachoipachika DNA kwenye kromosomu. Vekta ya lentivirusi hutumia vimeng'enya hivyo hivyo. Seli za uboho za mtu aliyejitolea kuzitoa, ikiwa anatumia ARV, au anayemeza PrEP, zinaweza kukataa vekta huku wewe ukiilaumu chupa ya virusi, na tenofovir hukaa ndani ya seli kwa siku kadhaa baada ya dawa kuachwa. Zaidi ya hayo, hutaki vekta iliyotokana na HIV ikutane na HIV yenyewe ndani ya seli moja. Weka suala hili katika vigezo vya kuwachagua watoaji wa seli, kwa faragha na heshima inayostahili, au chagua vekta isiyotegemea vimeng'enya hivyo.

Hatua ya nne: Ndani ya mwili au nje yake

Kuna njia mbili. Katika ya kwanza unaiweka vekta moja kwa moja kwenye pengo la mfupa. Katika ya pili unachukua seli za mnyama au mgonjwa, kwa kawaida za uboho wa nyonga au za mafuta ya chini ya ngozi, unaziingiza jeni maabarani, kisha unazirudisha.

Njia ya kwanza ni rahisi na nafuu. Watafiti Betz, Evans na wenzao walipochelewesha sindano ya adenovirusi ya BMP-2 kwa siku kadhaa baada ya kumfanyia panya pengo la mfupa wa paja, mfupa uliota vizuri kuliko ulipodungwa siku ya upasuaji, na inaaminika ni kwa sababu seli zinazofaa kupokea jeni zilikuwa zimekwisha kukusanyika. Usimdunge mnyama kwenye mshipa wa damu kama unacholenga ni mfupa mmoja. Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyefariki Philadelphia mwezi Septemba 1999, alipewa kiasi kikubwa cha adenovirusi kwenye mshipa unaoingia ini, na kinga yake ikalipuka kwa namna iliyobadilisha kanuni za fani nzima.

Njia ya pili hukuwezesha kuhesabu, kupima na kutupa seli zilizoharibika kabla hazijaingia mwilini. Mwaka huo huo wa 1999, Lieberman na wenzake waliripoti kwamba seli za uboho zilizopewa jeni ya BMP-2 kwa adenovirusi ziliziba mapengo makubwa ya mifupa ya mapaja ya panya. Gharama yake ni wiki za kukuza seli, vyakula vya seli vinavyoagizwa, na hatari ya ukungu kuingia kwenye sahani. Umeme ukipotea mara kwa mara mahali ulipo, hesabu hatari hiyo kwa dhati kabla ya kuichagua. Ipo pia njia ya kati, iliyotokana na kundi la Evans, ya kukata vipande vidogo vya mafuta au msuli, kuviloweka katika vekta, na kuvirudisha bila kukuza seli kwa wiki nyingi. Kwa maabara zetu naona ndiyo yenye akili zaidi.

Hatua ya tano: Vibali kabla ya kuagiza

Virusi vilivyobadilishwa jeni viko chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011, moja kuhusu kazi za ndani ya maabara na nyingine kuhusu kuingiza na kutoa nchini. Mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Anza na kamati ya usalama wa kibayolojia ya chuo chako, kwa maana ombi huanzia huko, kisha kamati ya maadili, kamati ya utunzaji wa wanyama kwa mujibu wa Sura ya 360 inayozuia ukatili kwa wanyama, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukifikia binadamu siku moja, Bodi ya Famasia na Sumu nayo itahusika.

Ombi lako lieleze vekta kwa jina, jeni iliyobebwa, promota, sehemu zilizoondolewa, ushahidi kwamba haizaani, na namna taka zitakavyoharibiwa. Usiagize kitu chochote kabla ya kibali kufika mkononi, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba mzigo utapita. Mzigo wa barafu kavu uliozuiwa uwanja wa ndege kwa siku nne ni pesa zilizotupwa.

Hatua ya sita: Kupata na kuhifadhi vekta

Usijaribu kutengeneza vekta mwenyewe katika jaribio lako la kwanza. Vituo maalumu vya Marekani na Ulaya, likiwemo shirika lisilo la faida la Addgene, huuza zilizokwisha kusafishwa na kupimwa, na hati zinazoandamana nazo zitakuokoa mbele ya kamati. Dai hati yenye idadi ya chembe kwa mililita, idadi ya zile zinazoweza kuambukiza, na kipimo cha virusi vilivyorejea kuzaana. Kwa adenovirusi, mamlaka ya dawa ya Marekani imependekeza kwamba chembe zote zisizidi mara 30 ya zile zinazoambukiza. Zikizidi hapo, unamjaza mnyama maganda matupu yanayoamsha kinga bure.

Ikifika, igawe mara moja katika vichupa vidogo vya kutumika mara moja na uihifadhi kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Lentivirusi hupoteza nguvu kila inapoyeyushwa na kugandishwa upya. AAV ni ngumu zaidi, ila hunata kwenye plastiki, hivyo tumia vichupa vya aina isiyonatisha. Kama jokofu lako halina jenereta, omba nafasi katika taasisi yenye uzoefu wa sampuli za baridi, mathalani kituo cha Kisian cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na uandike makubaliano hayo ndani ya pendekezo.

Hatua ya saba: Usalama mezani na jaribio la sahani

Kazi yote ifanyike katika maabara ya ngazi ya pili, ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la pili. Zingatia kwamba spiriti ya asilimia 70, ambayo kila maabara huitegemea, huua lentivirusi kwa sababu ina utando wa mafuta, lakini adenovirusi na AAV hazina utando huo na huivumilia. Tumia klorini iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, na uiache juu ya meza kwa dakika zisizopungua 10. Uichanganye siku hiyo hiyo, kwani joto na mwanga vya Kisumu huimaliza nguvu upesi. Kwa lentivirusi, panga mapema na kliniki ya wafanyakazi juu ya ARV za dharura iwapo mtu atajichoma na sindano.

Kabla ya kumgusa mnyama, jaribu vekta kwenye seli. Uwiano wa virusi kwa seli ndio kipimo chako. Tuseme una seli 1,000,000 na unataka virusi 50 vinavyoambukiza kwa kila seli: unahitaji virusi 50,000,000. Chupa yako ikiwa na virusi 1,000,000,000 kwa mililita, utachota mililita 0.05, yaani mikrolita 50. Fanya sahani za uwiano wa 10, 50, 100 na 200, uone ni ipi inayotoa BMP-2 ya kutosha kwa ELISA, kipimo cha wingi wa protini, bila kuua seli. Kisha zikuze seli hizo katika maji ya kuchochea mfupa, upime fosfatasi, na baada ya wiki tatu hivi uzipake rangi nyekundu ya alizarini inayoshika kalsiamu.

Thibitisha pia kwamba seli ni zile unazodhani. Mwaka 2017 Korea Kusini iliidhinisha tiba ya seli zenye jeni kwa ajili ya goti, na mwaka 2019 ikafuta idhini hiyo baada ya kugunduliwa kwamba seli zilizodaiwa kuwa za gegedu zilikuwa za ukoo wa seli za figo. Kipimo cha alama za vinasaba kingelifichua mapema, nacho si ghali.

Hatua ya nane: Mnyama, pengo lake na maji anayokunywa

Panya wa maabara mwenye pengo la milimita 5 katikati ya mfupa wa paja, lililoshikiliwa kwa bamba na skrubu, ndiyo njia inayolinganishika na tafiti nyingi zilizochapishwa, kwa kuwa pengo hilo haliwezi kujiziba lenyewe. Weka makundi yasiyopungua manne: pengo tupu, vekta yenye jeni ya kung'aa badala ya BMP-2, protini ya BMP-2 juu ya sifongo ya kolajeni, na vekta yako. Ukipata kundi la tano, liwe la mfupa wa mnyama mwenyewe, kwa sababu mpasuaji atakayesoma kazi yako atataka kujua kama umeishinda nyonga.

Sasa kuhusu maji, jambo ambalo mtafiti wa Nakuru anapaswa kulitazama kabla hata ya kununua vizimba. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi wa kutosha. Floridi hujipachika kwenye madini ya mfupa, hubadilisha ugumu wake, na katika wingi huufanya uonekane mzito kwenye eksirei ilhali umekuwa mwepesi kuvunjika. Panya aliyelelewa Njoro kwa maji ya kisima na panya aliyelelewa Kisumu kwa maji ya Ziwa yaliyotibiwa hawana mifupa inayolingana, hata kabla ya upasuaji. Pima maji, uandike kipimo hicho katika ripoti, na uwape wanyama wote maji ya aina moja yaliyochujwa. Inachekesha kidogo kwamba kichujio kinachofahamika sana Nakuru, kilichosambazwa na Dayosisi Katoliki, huondoa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Baada ya kudunga vekta, wachukulie wanyama kama wenye maambukizi kwa saa 72 za kwanza: vizimba vyao vifungwe, matandiko yao yapitie joto la otoklevu, na anayewahudumia avae glovu, kinga ya macho na barakoa.

Hatua ya tisa: Kupima mfupa

Eksirei ya kila wiki mbili itakuonyesha kama pengo linazibika, na mashine ya eksirei ya kliniki ya mifugo inatosha. Skani ndogo ya CT ni bora zaidi lakini si lazima iwe kwako. Mfupa uliohifadhiwa vizuri unaweza kusafirishwa. Kinachokosekana katika tafiti nyingi ni kipimo cha nguvu. Uzungushe mfupa hadi uvunjike kwenye mashine ya kupima vifaa, ambayo idara za uhandisi huwa nazo, na uulinganishe na paja la upande wa pili la mnyama yule yule. Mfupa mnene unaovunjika kirahisi ni matokeo mabaya, hata kama picha yake inapendeza.

Sampuli za kukatwa chini ya darubini ziondolewe madini kwa EDTA, kemikali ya kunyonya kalsiamu, ambayo huchukua wiki kadhaa, badala ya asidi kali inayomaliza kwa siku chache, kwa sababu asidi huharibu DNA na mng'ao utakaouhitaji ili kuonyesha ni seli zipi zilipokea vekta. Chukua pia ini, wengu, mapafu na viungo vya uzazi, uvitafutie DNA ya vekta kwa PCR. Tazama msuli uliozunguka pengo kwa makini kuliko pengo lenyewe, kwani mfupa ulioota ndani ya msuli ndio utakaokuambia kwamba kiasi kilizidi, au kwamba ule muda ulioandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa mrefu kupita kiasi. Mizoga ichomwe kwenye tanuri lililoidhinishwa, na risiti za kuchoma zihifadhiwe katika faili moja na vibali, mahali ambapo mkaguzi akifika bila taarifa zitapatikana hata kama wewe uko safarini.